Mimi Sikatai Mvua

Jumamosi ya masika, mvua ya Dar ile isiyopumua. Uwani maji yamefika ngazi ya kwanza, Jangwani barabara imefungwa kama kawaida yake, na binti yangu wa miaka minne ameshachora kila karatasi iliyomo ndani, pamoja na ile ya namba za luku ambazo nilikuwa sijaziingiza. Nikaona isiwe tabu. Nikachomeka flashi kwenye televisheni.

Flashi hiyo aliijaza kijana anayeuza muvi pale kona, na kijana yule ana mpangilio wake mwenyewe: sehemu ya tatu inafuatwa na ya kumi na moja, kisha ya saba, kisha singeli. Nalisema hili mapema kwa sababu lilikuja kutugharimu.

Zilikuwa katuni za treni, Thomas & Friends, zilizoanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 1984. Tunaziita katuni tu, maana zile za mwanzo hazikuchorwa. Ni vichwa vya treni vidogo, vya kushikika kabisa, vinatembea kwenye reli ndogo kati ya vilima vya kutengenezwa. Kila kichwa kina uso mbele. Macho yanazunguka, mdomo haufunguki. Anayeongea ni mtu mmoja tu mwanzo mpaka mwisho, Ringo Starr, yule mpiga dramu wa Beatles, anawasemea wote: treni, dereva, abiria na bosi.

Kwa mzazi anayetafsiri hiyo ni nafuu kubwa. Unapunguza sauti, unakaa karibu na mtoto, unachukua kazi ya Ringo. Mimi nimekulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, enzi za kina Lufufu waliokuwa wakitutafsiria muvi, na mafunzo yangu ni yale: tafsiri bila chumvi hailiki. Kule mpiganaji wa Hong Kong alimwambia adui yake kwamba atarudi kwao Mbagala kwa nauli ya kuazima, na kibanda kizima kikaamini. Kwa hiyo kwenye sebule yetu treni za Kiingereza zinasalimiana shikamoo na marahaba, na zikichelewa zinasingizia foleni ya Buguruni.

Sehemu iliyotokea siku hiyo ni ya tatu kabisa katika mfululizo wa kwanza, ile ya Henry.

Henry ni kichwa kirefu cha kijani chenye mistari myekundu, na anajipenda. Mvua inaanza kunyesha. Anaingia handakini na treni yake, anasimama, hataki kutoka. Dereva na mtia makaa wanambembeleza. Anasema mvua itamharibia rangi yake nzuri. Gadi anapuliza filimbi mpaka pumzi inamwishia, anapunga bendera mpaka mkono unamchoka. Wapi. Bosi wa reli, bwana mmoja mnene mwenye kofia ndefu nyeusi, anafika na kuamuru abiria wafunge kamba wamvute. Wote wanavuta isipokuwa yeye, kwa sababu daktari amemkataza kuvuta. Wanazunguka upande wa pili kumsukuma. Wote wanasukuma isipokuwa yeye, kwa sababu daktari amemkataza kusukuma. Hapo tulicheka sana. Kila ofisi niliyopitia ilikuwa na mtu mwenye cheti cha namna hiyo.

Niwe mkweli, mpaka hapo kazi ni nzuri. Mvua yao ile ndogo inapendeza, mvuke unapanda vizuri, na mdomo wa handaki una kiza cha kutosha kumfanya mtoto ajisogeze kwenye mbavu zako. Binti yangu alikuwa amekamata shati langu.

Halafu inaharibika, tena kwa haraka. Wanaleta kichwa kingine kisukume, kinashindwa. Bosi anatoa hukumu: utabaki humu siku zote. Wanang'oa reli. Wanajenga ukuta mbele yake. Wanatoboa handaki lingine pembeni ili treni nyingine zipite, na Henry anabaki anachungulia juu ya matofali, anawaona wenzake wakienda na kurudi. Edward anampigia honi ya salamu. Gordon, ambaye ana majivuno kumzidi, anamwambia shauri yako. Henry hawezi hata kujibu, moto wake umezimika na mvuke hana. Masizi na uchafu wa handaki vimeshaiharibu ileile rangi aliyokuwa akiilinda.

Na hapo Ringo Starr, kwa sauti yake ileile ya upole, anamgeukia mtoto na kumwambia kwamba yeye anaona Henry alistahili adhabu yake, je, wewe huoni hivyo?

Muziki. Majina. Imekwisha.

Sikutafsiri. Nilifungua mdomo, nikaona sentensi inakuja kwa Kiswahili, "mimi naona alistahili, au siyo?", nikaufunga.

"Halafu?" binti yangu akauliza.

"Imeisha."

"Haijaisha."

Nikaingia kwenye flashi kutafuta sehemu ya nne. Ilikuwepo ya kumi na moja. Ilikuwepo ya saba. Ilikuwepo singeli.

"Baba, anakula nini humo?"

"Makaa."

"Nani anampelekea?"

"Edward," nikasema. Nilikuwa nimebanwa.

"Anapitia wapi, na ukuta upo?"

Mzee wangu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha na redio yake, tukidhani anasikiliza taarifa ya habari. Kumbe yumo. Babu alianza kazi reli mwanzoni mwa miaka ya sabini, Tabora, akiwa kijana wa kufuta injini za mvuke, wakati huo bado ni shirika moja la Afrika Mashariki. Lilipovunjika mwaka 1977 akabaki upande wetu, akapanda taratibu mpaka akastaafu fundi. Mambo ya treni ukiyasema vibaya mbele yake hanyamazi.

"Huyo bosi ana vichwa vingapi?"

"Vingi kidogo, Mzee."

"Lazima viwe vingi. Sisi kichwa kikigoma tulilala chini yake mpaka kitoke. Ukijengee ukuta kichwa kizima! Makao makuu wangekuuliza umekunywa nini." Akapunguza redio. "Na dereva wake yuko wapi? Kichwa hakina kiburi. Kichwa kinaharibika, kinarekebishwa. Wanamwadhibu nani sasa hapo?"

Kuhusu rangi alikuwa na maelezo marefu zaidi. Mvua haili rangi ya injini, alisema. Kinachokula rangi ni masizi na mafuta yakilala usiku kucha. Unafuta jioni, kichwa kikiwa bado na joto, kwa tambara lenye mafuta ya taa kidogo, kuanzia juu kushuka chini. Ukiacha mpaka asubuhi umekwisha. Lakini treni kuogopa mvua, akaongeza, hilo hana ubishi nalo. Mwaka wake wa mwisho kazini ulikuwa ule wa mafuriko ya Kilosa, Desemba 2009 kuingia Januari 2010. Mto Mkondoa uliichukua njia kati ya Kilosa na Gulwe, na treni ya bara ikasimama kwa miezi. Alikwenda na kikosi cha matengenezo. Anasimulia reli zilivyokuwa zinaning'inia hewani na mataruma yake kama ngazi ya kamba, chini yake maji tu. Reli hiyo Wajerumani waliianza hapa Dar mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, na kipande hicho cha Kilosa na Gulwe mvua haijawahi kukiacha kipumzike.

"Ningekuwa mimi ndiye huyo Henry," akasema, "na mimi ningesimama nikaangalia kwanza."

Tukacheka, yakaisha. Au mimi niliona yameisha.

Jumatatu mvua ilikuwa bado ipo. Namtoa mtoto kumpeleka chekechea, nimefungua mwavuli, yeye anajitoa chini yake. Namvuta, anajitoa. Anasimama katikati ya njia, sare imeganda mwilini, soksi zimejaa matope, ananitazama huku maji yanamtoka kwenye nywele.

"Mimi sikatai mvua, Baba," akasema. "Ona. Mimi nalowa tu."

Nilimbeba. Alifika darasani kama kitambaa cha kudekia, na mwalimu alinitazama jicho la kunihukumu mimi, ambalo kwa kweli nililipokea.

Sina ugomvi na adhabu kwenye hadithi. Hadithi zetu zina adhabu za kutisha. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, alikuwa na fisi wanaopasuka matumbo, mashetani wanaotumbukizwa kwenye mitungi, wanawali waliomezwa wakabaki wanaimba tumboni. Tulilala fofofo. Ila Bibi alikuwa na namna yake ya kumaliza, ile ya wazee wote wa pwani. Akifika mwisho anasema: hadithi yangu imeishia hapo, ikiwa nzuri uzuri wake ni wetu sote, ikiwa mbaya ubaya wake ni wangu mimi niliyeisimulia. Nimeisikia mara mia na sikuwahi kuifikiria mpaka siku hiyo nimekaa mbele ya televisheni na sentensi ya Ringo mdomoni. Bibi alimpa fisi mtu amle, kisha akaibeba hiyo hadithi mwenyewe akaenda nayo kulala. Huyu anamjengea mtu ukuta, kisha anamgeukia mtoto wa miaka minne na kumwomba sahihi.

Sauti hiyo ya "au siyo" naijua. Darasa la nne, shule ambayo sitaitaja, tulikuwa na mwenzetu aliyekuwa na viatu pea moja, vyeusi, vya kaka yake. Ikinyesha anavivua, anavitia kwenye mfuko wa rambo, anaukumbatia kifuani, anakuja peku. Siku moja kengele ya mstarini imelia na mvua imeanza, sisi wote tumetoka, yeye amebaki barazani anahangaika na mfuko wake. Mwalimu wa zamu akamtoa mbele, akaamuru avae viatu na apige magoti kwenye dimbwi. Hilo lingeweza kuishia hapo, tulishazoea. Lakini mwalimu akatugeukia.

"Anastahili, hastahili?"

"Anastahiiili!"

Tuliitika vizuri, kwa pamoja, kama tunavyoitikia jedwali la saba. Nilikuwa mstari wa pili. Sikumbuki kama nilikuwa na hasira naye au hata kama nilikuwa na maoni. Nakumbuka raha ya kuitika. Viatu vilipasuka upande wiki ileile, akawa anakuja peku hata jua likiwaka.

Niliporudi kwenye habari ya Henry nilitaka kujua nani aliyeamua imalizike vile, na nilichokikuta kilinipunguzia hasira kidogo kisha kikaniongezea. Hadithi hizi zilibuniwa na Wilbert Awdry, mchungaji wa Kianglikana kule Birmingham. Mwaka 1943 mwanawe Christopher, hajatimiza hata miaka mitatu, aliugua surua, akalazwa kwenye chumba chenye giza kama walivyokuwa wakifanyiwa wagonjwa wa surua zamani zile. Baba anakaa kitandani, anamtungia treni. Kwa hiyo fikiria: mtoto hawezi kutoka, yuko gizani, ana vipele, na baba yake anamsimulia kuhusu treni iliyofungiwa gizani kwa sababu ilikataa kutoka. Nimejiuliza kama Awdry aliliona hilo. Pengine mtoto mwenyewe ndiye aliyependa, watoto wana mambo yao. Baba na mtoto chumbani wana namna ya kuangaliana, mkono uko kwenye paji la uso, na swali la "au siyo" linaweza hata kuwa utani wa ndani. Likitolewa chumbani na kuwekwa kwenye televisheni linageuka kuwa mwalimu wa zamu.

Kitabu kilitoka mwaka 1945. Na mwanzoni hadithi zilikuwa tatu. Ya Henry ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ya nne, inayomtoa handakini, iliandikwa kwa sababu mchapishaji aliiomba. Kumbe binti yangu na mfanyabiashara wa vitabu wa Uingereza walisema neno moja: haijaisha.

Wamarekani walipoichukua katuni hii waliibadilisha sentensi ile. Kwao msimuliaji anauliza unadhani Henry atakaa humo muda gani kabla hajaushinda woga wake wa mvua na kuamua kutoka. Nadhani waliona haya. Lakini ukuta waliuacha palepale, na ukiusikiliza vizuri usemi wao ni kama vile Henry anaweza kuamua kutoka, wakati reli zimeng'olewa na mbele yake kuna matofali. Angalau Ringo hakujifanya.

Kijana wa kona alinitafutia sehemu ya nne. Ilichukua siku tatu na buku nyingine. Nikaita familia nzima, hata Babu akazima redio.

Ndani yake Gordon, yule wa shauri yako, anapasua vali akiwa anavuta treni ya haraka. Edward anajaribu kuisukuma peke yake, haiendi. Mbele yao kuna handaki na ukuta. Gordon ndiye anayesema, kwa aibu kidogo, kwa nini tusimjaribu Henry. Ukuta unavunjwa, reli zinarudishwa, moto unawashwa, Henry na Edward wanaivuta treni mpaka mwisho. Bosi anamwahidi rangi mpya, na Henry anaomba bluu, afanane na Edward. Mwishoni tunaambiwa haogopi tena mvua, kwa sababu amejua kwamba dawa ya rangi si kujificha handakini bali ni kumwomba dereva amfute kazi ikiisha.

"Nilisema mimi," Babu akanong'ona. "Jioni. Kikiwa na joto."

Nilimgeukia binti yangu nikisubiri furaha. Alikuwa amekunja uso.

"Yule wa kijani yuko wapi?"

"Ndiye huyu. Wamempaka bluu."

Akanitazama kama ninavyomtazama fundi anayeniambia ile ile sehemu aliyotoa ndiyo hii aliyorudisha. Watu wa bluu katika katuni ile ni wengi: Thomas bluu, Edward bluu, Gordon bluu. Ametokea mwingine wa bluu. Wa kijani, ambaye yeye alimwona kwa macho yake akijengewa, hakumwona akitoka akiwa wa kijani mpaka nyumbani. Nilirudisha nyuma nikamwonyesha. Akasema sawa. Ile sawa ya watoto ya kutaka uondoke.

Mwezi wa tisa tulikwenda Dodoma kwenye harusi, mimi, yeye na Babu. Mama yake alikuwa ametangulia na kamati. Tukapanda SGR, ile treni mpya ya umeme, pale kwenye stesheni yenye umbo la tanzanaiti. Babu alikuwa hajawahi kuipanda. Alizunguka nusu ya behewa akigusa vitu, kisha akakaa na kulalamika kwamba haina moshi, haina mtikisiko, haina hata harufu, mtu atajuaje kwamba anasafiri. Kioo cha mbele kilipoandika kilomita 160 kwa saa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Ukishapita Kilosa milima inakusogelea. Kwa upande mmoja unaweza kuuona ule mto na njia ya zamani iliyojikunja pembeni yake, na Babu alikuwa ameshaanza kunionyesha hapa ndipo, hapana, pale, wakati giza lilipotumeza. Handaki. Masikio yakaziba. Binti yangu akasimama juu ya kiti, paji la uso kwenye kioo.

"Baba, ndiyo huku?"

"Huku wapi?"

Hakunijibu. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa gauni, gauni la harusi, jeupe, la kushonwa, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Ndani yake kulikuwa na kipande cha mkaa, ukubwa wa kidole gumba, kutoka kwenye gunia letu la jikoni. Kilikuwa kimepita kwenye mashine ya ukaguzi na askari wake, kikakaa naye tangu asubuhi.

"Fungua dirisha."

"Halifunguki, mama."

"Fungua."

"Za hivi hazifunguki," Babu akasema. "Zetu zilikuwa zinafunguka."

Mwanga ukarudi, milima ikatokea, kisha giza tena, handaki la pili. Safari hii hakuomba. Aliubandika ule mkaa kwenye kioo, ili uonekane kwa nje, akaushikilia hivyo mpaka tukatoka. Alipokaa chini mikono yake yote ilikuwa myeusi, dirisha lina mchirizi, na gauni mimi sikutaka kuliangalia.

Babu alitoa leso. Akaimwagia maji kidogo ya chupa, akaikamua, akamshika mkono wa kulia akaanza na vidole, kimoja kimoja, kuanzia juu kushuka chini. Akaja kwenye kiganja. Akahamia mkono wa pili. Halafu kioo. Tulipofika Gulwe alikuwa bado anafuta.